Madamu Gaudry na Gauni Lililochorwa Mbele Tu

Baada ya miaka arobaini na mmoja katika nyumba ya mitindo ya Lormeau, hapa Paris, Madamu Léontine Gaudry anastaafu tarehe 31 Julai 1969. Aliingia akiwa msichana wa kuokota pini sakafuni. Anatoka akiwa fundi mkuu wa karakana ya magauni.

Tuseme ukweli: si mtu laini. Sisi wa chumba cha pasi tulizijua hatua zake ngazini, na kila mmoja alikagua pasi yake upesi. Lakini aliyeshikwa na homa alirudishwa nyumbani na chupa ya supu aliyoipika Madamu mwenyewe.

Wengi wenu hamkuwepo mwaka 1949. Bwana Lormeau alizoea kumkabidhi Madamu mchoro wa mbele tu; mgongo wa gauni aliueleza kwa mikono, hewani. Safari hiyo alimpa karatasi, akashika tumbo, akakimbizwa hospitali kukatwa kidole tumbo. Maonyesho yalibakiza siku nane. Msimamizi akataka gauni hilo liachwe. Likiachwa, kazi ingepungua, na mabinti sita wa karakana wangerudishwa makwao.

Madamu aliubandika mchoro ukutani, akasimama mbele yake akijipinda kama mwanamke aliyechorwa.

"Madamu, mgongo unauma?" Yvette, mmoja wa wale sita, akamtania.

"Nautafuta, binti. Wewe tunga uzi wako."

Akaupata. Mbele ya gauni palikuwa patupu, hata kifungo hakuna, lakini mwanamke yule alikuwa anageuka. Mwanamke hageuki bure. Madamu akashika mkasi, akakata mita kumi na moja za sufu nyeusi, siku ambazo watu bado walikuwa wakitia viraka makoti ya kabla ya vita. Marinda yote akayapeleka nyuma.

Bwana Lormeau alirudi siku moja kabla ya maonyesho, amejikunja kama mzee, akalizunguka gauni mara mbili.

"Nani kakwambia?"

"Wewe, Bwana. Umechora mtu anayegeuka."

Akaomba penseli, akapindua karatasi, akachora mgongo vilevile ulivyoshonwa.

Wateja kumi na tisa waliliagiza gauni lile. Hakuna binti aliyerudishwa kwao. Yvette ndiye anayeichukua karakana Septemba.

Madamu, asante kwa kazi, na hata kwa makaripio. Nenda Auxerre kwa dada yako, ulale mpaka saa tatu asubuhi. Tunakuombea afya na siku nyingi zenye raha.