Kemia ya Mitchelle

Benchi la saruji liko nje ya duka la Myemeni, mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, likitazamana na lango la shule ya wasichana. Kila adhuhuri madereva Wakenya hulikalia kana kwamba makafili wao, wale waajiri waliowadhamini, wamelilipia pango. Hapo hungojewa watoto wa mabosi, na hapo hutatuliwa shida zote za dunia isipokuwa za hao wanaozitatua. Siku hiyo Tanki, dereva wa lori la maji ambaye hupitia tu hapo kupumzika, alileta thamosi ya kahawa ya tangawizi. Oud, ambaye bosi wake anauza manukato na yeye hunukia kabla hajafika, alishika vikombe. Nahashon hakuonja kahawa. Simu ilikuwa mkononi, roho juu juu.

Asubuhi bintiye Mitchelle alikuwa amemwandikia kutoka nyumbani Keroka, Kenya: "Baba, tovuti ya kuchagua kozi za chuo inafungwa leo jioni. Nataka kemia, lakini ziko nyingi: ya viwanda, ya chakula, ya maabara ya polisi, na ualimu. Mwalimu amesema tuchague inayolingana na vitu tunavyopenda, na tuulize mtu anayetujua vizuri. Nichagulie."

— Viwanda, bana! — alisema Tanki. — Angalia hii nchi. Kila kitu ni mafuta. Hata mkate nikiula nasikia petroli.

— Hiyo petroli ni ya mikono yako, — alijibu Oud. — Msichana aingie manukato. Kwa bosi wangu kuna Mlebanoni wa kemia, kazi yake ni kunusa. Ananusa, anaandika, anaenda lunch. Analipwa kunusa!

— Na akishikwa na homa?

— Anapewa sick leave ya pua.

Walicheka. Nahashon alitazama saa kwenye simu.

— Jamani, mimi niko serious. Tovuti ikifungwa kabla sijajibu, mtoto wangu atachaguliwa kozi na kompyuta.

— Tulia, buda, — alisema Tanki. — Haya maji yangu yanatoka baharini, si ndiyo? Wanatoa chumvi. Na kwa bahari kuna dhahabu, niliona YouTube. Mitchelle asomee kutoa dhahabu. Anaanzia Jeddah, pale bandarini. Akiimaliza Red Sea yote, anahamia Mombasa.

— Wachana na dhahabu, — alisema Oud. — Atengeneze harufu ya mvua ya Keroka, aitie kwa chupa. Hapa Riyadh watu watapigana mpaka polisi waitwe.

— Si hapo sasa ile kemia ya polisi inaingia!

Pembeni ya benchi aliketi Alfayo, mmoja wa madereva wapya ambao mwaka huo ndege zilikuwa zikiwashusha kila wiki. Ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa bado haijatoka, na alikaa kwa nusu ya tako tu, kama mtu anayetarajia kufukuzwa.

— Samahani, wazee, — alisema. — Kwani huyo msichana anapenda nini?

Tanki alimtazama Oud. Oud akatazama kikombe. Nahashon ndiye aliyeshusha pumzi. Hatimaye swali analoliweza.

— Hiyo ni rahisi. Anapenda kuchanganya rangi, mpaka nguo zinaharibika. Kelele hataki. Juisi ya embe hagusi, yeye ni komamanga tu. Na akiwa na mtihani anachora kwa kioo cha gari, pale nyuma...

Akakwama.

— Gari gani, Nasho? — Oud aliuliza polepole.

Huyo alikuwa Rima, binti wa bosi wake, anayemngoja hapo kila siku. Mitchelle hajawahi kupanda gari hilo. Alimwacha akiwa darasa la pili, ana pengo la meno, anapenda... anapenda mandazi. Alitafuta kingine, hakukipata. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Tanki aliinamisha thamosi. Likatoka tone moja.

— Mafi kahawa. Halas, imeisha, — alisema.

Nahashon aliandika: "Mitchelle, mum wangu, wewe mwenyewe unapenda nini?"

Jibu lilikuja upesi. "Sijui, baba. Ndiyo maana nimekuuliza wewe."

Lango la shule lilifunguliwa. Rima alikuja mbio, vidole vimejaa rangi.

— Yalla, Nahashon!

Alimfungulia mlango wa nyuma. AC alikuwa ameshaipunguza, vile Rima anavyopenda.