Spana Tulizozifungia Kabatini

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa vyuo vya ufundi, na ninyi maofisa mliofuatana naye; majirani zetu wa karakana ya mageti na wa duka la rangi; wateja wetu mliokubali kuegesha nje ili viti vipate nafasi; mabibi na mabwana.

Makaribisho

Karibu sana, Mama. Tumefagia, tumemwaga maranda pale penye oili, na tumekutafutia kiti kisichoyumba. Ukiona tunakutazama chini chini, usidhani ni adabu peke yake. Ni aibu. Umekuja kutupongeza kwa kazi ya kulinganisha spana, na tunasikia gari lako limebeba ngao ambayo imeshaandikwa jina letu. Tunaomba ngao hiyo ibaki garini mpaka risala hii iishe. Ukishasikia, utaamua mwenyewe.

Anayesoma ni katibu. Mwenyekiti wetu ndiye huyu aliyesimama kulia kwangu. Tumemwambia akae, amekataa. Amesema isomwe yote, pasirukwe mahali.

Historia yetu

Sisi ni mafundi magari. Tulianzia chini ya turubai, kila mtu na kisanduku chake, tukigombania kivuli na wateja. Baadaye tuliungana tukajenga karakana hii yenye paa la bati jekundu. Tunatengeneza teksi, mabasi madogo, malori, na mara mojamoja trekta linalofika likiwa limevutwa kwa kamba.

Vyombo vyetu vingi tulivipata vikiwa vimeshachoka mikononi mwa wengine. Spana zetu zimepanuka midomo. Fundi akitoka kwingine hushangaa kuona tunakata kipande cha bati na kukichomeka kati ya spana na nati ili ishike. Sisi tulishazoea, tukafika mahali pa kuona huo ndio ufundi wenyewe.

Ndipo ukaja wewe, Mama. Ulitukabidhi seti tatu za spana za kombinesheni, zile zenye mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili. Kila seti na kampuni yake, zote za daraja la juu. Ulisema vyuo vyako vinataka kuwanunulia wanafunzi spana za kudumu, lakini wauzaji wote watatu wanajisifu. Maneno yako tunayakumbuka.

"Mimi siwezi kujua kwa kutazama picha," ulisema. "Ninyi ndio mnaopambana na nati zilizogoma. Zitumieni, zichafueni, zipeni kazi mpaka zilie. Halafu mniambie ipi inafaa mkono wa mtu anayejifunza."

Tulipiga makofi mpaka majirani wakaja kuchungulia. Fundi wetu wa breki, tunayemwita Sauti, alikubebea mkoba hadi garini.

Majina ya kampuni yalitushinda kutamka, kwa hiyo tulizipa seti majina yetu. Ile ndefu inayong'aa mpaka unajiona meno tuliiita Malkia. Ile nzito ya rangi ya majivu tuliiita Mzee. Ile nyepesi yenye kichwa chembamba ikawa Mwembamba.

Mafanikio

Kipengele hiki kilikuwa kirefu, tumekifupisha. Tulifanikiwa kukutunzia seti zote tatu bila mkwaruzo hata mmoja. Makosa yetu yote yalianzia hapo.

Changamoto

Ulipoondoka tu, tulikaa kujadili nani aanze kuzitumia. Mmoja wetu akasema, zikichubuka mgeni atatuonaje? Mwingine akasema, zikiachwa mezani zitaota miguu. Mwenyekiti akaleta kabati la vioo, akaliweka ofisini mkabala na mlango, akapanga seti zote kwa ukubwa, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni. Hakuna aliyepinga. Tunalisema hili ili lawama isimwangukie yeye peke yake. Tulilipenda lile kabati. Mteja akija, kabla hatujafungua boneti yake, tulimpitisha ofisini kwanza akaone. Tulijisikia wakubwa.

Kati yetu yumo fundi mwanamke mmoja, Bi Gasketi. Jina hilo alilipata kwa sababu akikata gasketi kwa mkasi wake inakaa kana kwamba imetoka kiwandani. Ni mke wa kaka yangu mimi ninayesoma. Mimi ndiye niliyemleta hapa kujifunza kazi, na siku hizi yeye ndiye anayenirekebisha. Yeye ndiye pekee aliyelizungumzia kabati.

"Jamani," alituuliza siku moja tukinywa chai, "hizi spana zililetwa kufanya kazi au zinasubiri kuposwa?"

Tulicheka sana. Tukamwambia avumilie.

Kisha wewe, Mama, ukapiga simu kuuliza tumefikia wapi. Mwenyekiti aliiweka simu juu ya meza ili wote tusikie. Jibu la kweli lilikuwa fupi tu, kwamba bado hatujaanza. Lakini alitutazama sisi, sisi tukalitazama kabati, na Sauti akapaza sauti yake.

"Malkia! Malkia haina mpinzani, Mama!"

Sote tukaitikia. Ukauliza, "Hata kwenye nati iliyoshika kutu?"

"Inafungua kama inafungua chupa ya soda," mwenyekiti akajibu.

Ulicheka kwa furaha, ukatushukuru kwa kazi nzuri. Malkia ilikuwa haijagusa nati hata moja. Bi Gasketi alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono kwa kitambaa. "Mmemdanganya mama wa watu," alisema, akarudi kwenye gari alilokuwa analitengeneza. Tulimwona kama mtu mwenye kisirani.

Haukupita muda mrefu tukaletewa basi dogo la shule lenye bolti ya springi iliyoganda. Kazi ilikuwa ya Bi Gasketi. Aliihangaikia, akaimwagia dizeli, akaipa muda, ikakataa. Akaja ofisini.

"Kaka mwenyekiti, naomba ufunguo. Spana yetu ya kumi na tisa imepanuka, inateleza."

"Zile ni za mgeni, dada. Atakuja kuzikagua."

"Si alisema zitumike?"

"Chomeka bati, itashika. Mbona siku zote inashika?"

Alisimama kidogo akiangalia kioo cha kabati. Tulikuwepo. Tulisikia kila neno, na tulijua kwamba anachoomba ni haki yake. Kila mmoja akajifanya ana kitu cha kutafuta chini ya meza.

Alirudi chini ya basi, akachomeka bati, akaweka uzito wake wote. Bati likachanika. Spana ikaruka, na mkono wake ukabanwa kati ya spana na chesisi. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Shemeji," kwa sauti ya chini, mimi nikakimbia.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la mteja. Madaktari walifanya waliloweza. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena.

Tulipokwenda kumwona nyumbani, mwenyekiti na mimi, tulibeba matunda. Aliyetufungulia mlango ni kaka yangu. Hakutukaribisha upesi. Alitutazama, akauliza taratibu, "Na kabati, halijambo?"

Ndani, Bi Gasketi alikuwa anamfunga mwanawe vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, mtoto ametulia kama anapimwa nguo. Mwenyekiti alivua ufunguo shingoni, akauweka mezani mbele yake.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Huo ufunguo mimi wa nini?" alimjibu. "Kabati liko kwenu. Nendeni mkalifungue."

"Tutalifungua leo hii."

"Mkishafungua, fanyeni alichowatuma yule mama. Kisha mwambieni ukweli. Na msinigeuze pambo la risala yenu, mkalia ili awahurumie. Mwambieni kilichotokea, na mwambieni spana ipi ni ipi. Basi."

Mama, kwa hiyo sasa tunakwambia spana ipi ni ipi. Safari hii tumezitumia, kwenye magurudumu, kwenye injini, chini ya malori, mikono ikiwa na grisi, mpaka zikachubuka kweli. Bi Gasketi aliporudi kazini alizijaribu zote kwa mkono uleule, na mengi tunayosema hapa tuliyaona tukiwa pamoja naye.

Malkia ni ndefu, na urefu huo unaongeza nguvu. Kwa mtu mzoefu mwenye mikono mikavu ni raha kuishika. Lakini mpini wake umesuguliwa kama kioo, ukipata oili unatoroka kiganjani. Namba za saizi zimeandikwa ndogo, na kwenye kivuli cha gari huzioni. Kwenye bolti ya ekseli mdomo wake ulipanuka kidogo, haukurudi. Tulipompigia muuzaji atubadilishie kama anavyoahidi kwenye tangazo, alituuliza boksi lake liko wapi.

Mwembamba inaingia mahali ambapo hata kidole hakiingii, kama pale nyuma ya jenereta ya gari. Ni nyepesi, na ukiitumia kutwa bega halilalamiki. Ila ukiilazimisha kwenye nati ngumu, mpini wake mwembamba unauma kiganja kama ukingo wa bati, na mtu akiumia hulegeza mkono pasipotakiwa.

Mzee haina sura. Ni nzito, kichwa chake ni kinene, na penye nafasi finyu haipiti. Lakini ringi yake inabana nati kwenye mbavu, haitegemei pembe, kwa hiyo hata nati iliyolika pembe inafunguka. Mpini una ukavu fulani, hautelezi hata ukilowa. Namba ni kubwa, zimechongwa ndani. Bi Gasketi aliikamata kwa vidole vitatu akafungua nayo ile bolti ya basi la shule, iliyokuwa inamngoja tangu siku ile. Alipomaliza aliifuta, akairudisha mezani.

Kwa mkono wa mtu anayejifunza, Mama, spana inayofaa ni Mzee, ukiongeza saizi chache za Mwembamba kwa ajili ya sehemu finyu. Sauti bado anaipenda Malkia, na ametuomba tuseme hivyo ili risala isiwe na uongo mwingine. Lakini hata yeye anakubali kwamba hawezi kumpa mwanafunzi.

Sisi tulikwambia Malkia. Tulikwambia kwa sababu inang'aa, na kwa sababu tuliona haya kukiri kwamba hatujaanza. Tungewawekea watoto wa watu mikononi kitu kinachoteleza, kisha tungekaa hapa kupokea ngao.

Maombi

Tunaomba usitie saini ununuzi wa Malkia. Kama saini imeshatoka, tuko tayari kufuatana nawe kwa muuzaji na kusema mbele yake kwamba sisi ndio tuliokupotosha.

Ngao tunaomba urudi nayo. Mtu akiiona ukutani kwetu atauliza tuliipataje, na hatutaki kuanza tena kutunga.

Tunaomba pia usituamini tena kwa simu. Leta walimu wa vyuo vyako, washike spana hizi pamoja nasi, wajionee. Zote tatu ziko kwenye meza za kazi. Kabati tumelitoa ofisini, tumewapa majirani wa duka la rangi wapange makopo.

Ombi la mwisho ndilo zito. Umehesabu viti, labda umeona hakuna mwanamke upande wetu. Bi Gasketi hakutaka kukaa hapa. Yuko nyuma ya jengo, chini ya lori, anafanya kazi. Tangu arudi anasema nasi mambo ya kazi tu. "Nipe kumi na saba." "Shika hapa." "Washa." Ule utani wake wa wakati wa chai hatujausikia tena, na siku hizi chai tunainywa kimya, kila mtu akitazama kikombe chake. Hatukuombi utuombee msamaha. Tulishauomba wenyewe, naye hajasema ndiyo wala hapana, na ana haki ya kukaa hivyo muda atakao.

Tunachoomba ni kwamba ukitoka kwenye kiti hicho, umfuate aliko. Usimwite aje. Akiitwa atajua ni sisi tuliokutuma, na hatatoka chini ya lori. Nenda wewe mwenyewe, uiname, umuulize kuhusu spana kama ulivyotuuliza sisi siku ile. Kati yetu wote, yeye ndiye aliyekuwa anataka kukujibu.

Mungu akutangulie njiani, Mama, na awajalie wanafunzi wako wazeeke wakiwa na mikono yao mizima.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Bati Jekundu