Mashine ya Memware Nane

Nje ya dirisha langu, Buyenzi, avenyu ya kumi na tisa, kuna kiti cha nyuma cha Hiace ambacho hakina gari. Gari lenyewe lilikatwa vipande kabla sijaolewa. Kiti kilibaki, kikaegemezwa kwenye ukuta wetu, na sasa ndiyo ligala, yaani kijiwe, ya mume wangu Moubarak na wenzake watatu. Asubuhi ninawapa termosi moja ya kahawa ya tangawizi kupitia dirishani, kisha ninarudi kwenye meza yangu, upande wa pili wa ukuta huohuo. Juu ya meza hiyo kuna ordinateri, ile kompyuta ninayopigia memware za wanafunzi, yaani vile vitabu wanavyoandika mwisho wa chuo. Wananiletea karatasi walizoandika kwa mkono, ninazipiga, ninawarekebishia herufi, wanakwenda kujitetea mbele ya walimu wao. Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba tangu garaji ya Moubarak ilipofungwa.

Wiki hii mashine imeanza kuzimika. Inafanya kazi nusu saa, inahema kama mtu anayepanda mlima, halafu kioo kinakuwa cheusi. Nimefika ukurasa wa arobaini wa memware ya Elsa. Kurasa zake ni sitini na nne, na anatakiwa kuipeleka chuoni Jumatatu. Leo ni Alhamisi.

Tuna hela ya mashine moja tu, ya okazyo, iliyokwisha kutumiwa na wengine. Zimepatikana mbili, na bei ni ileile. Ya kwanza iko kwa Valéry, kwenye duka lake hapo Jabe. Ni ndogo kama boksi ya viatu, imetoka kwenye ofisi iliyofungwa. Ya pili iko sokoni, ni kubwa, inafika kwenye goti. Nilikwenda kuzijaribu zote mbili, mwanangu Sumaya akiwa mgongoni. Ile ya Valéry iliwaka kabla sijakaa vizuri. Ile ya sokoni ni ya umri mmoja na yangu na inahema vilevile. Nilimwambia Moubarak achukue ya Valéry, naye Valéry alisema atamngoja mpaka leo adhuhuri, kwa sababu kuna mtu wa Cibitoke anayeitaka. Moubarak akasema sawa, ila kwanza awaulize wenzake, kwa kuwa wanajua mashine.

Wanajua Toyota.

— Ya Valéry iko na memware nane, alisema Moubarak. Yeye mwenyewe ameniambia. Nane.

Mzee Shakuru alipuliza kahawa yake. Ni fundi wa magari, na wote wanamwita Kabureta, kwa sababu hajapata kuona ugonjwa wa gari usioanzia kwenye kabureta.

— Nane tu?

— Nane, Mzee.

— Na bibi yako, kwa mwaka, anaandikaka ngapi?

— Mwaka huu ameshafika kumi na moja.

Kiti chote kiliacha kunywa. Mimi pia niliacha kupiga, maana nilielewa kilichotokea. Kwa Kifaransa neno ni moja. Kitabu cha mwanafunzi ni memware, na ile akili ya mashine, inayoifanya ifikiri haraka, nayo ni memware. Valéry alisema ya pili, wao wakasikia ya kwanza.

— Basi ataandika nane, alisema Kabureta. Ya tisa itaenda wapi?

— Itabaki inje, alisema Moubarak polepole.

— Itabaki inje. Na ya kumi. Na mwenye ya kumi na moja atakuja hapa kugombana na sisi.

— Memware ni kitu kinaombaka nafasi, alisema Rekta.

Jina la Rekta ni Shaabani. Alilinda mlango wa maktaba ya chuo kimoja kwa miaka kumi na minne, na kwenye kiti kile hakuna aliyeikaribia shule kuliko yeye, ndiyo maana wakampa cheo cha mkuu wa chuo.

— Mi nimeona na macho yangu, aliendelea. Kulikuwa na chumba, kutoka chini mpaka mu plafo ni memware. Kikajaa. Wakaleta etajeri, zikajaa. Mwisho wakaziweka mu korido, na mulango wa choo ya wanaume haukufunguka tena.

— Juu ya memware? aliuliza Moubarak.

— Juu ya memware. Tukawa tunaenda choo ya wanawake, tunapiga hodi. Sasa chumba kizima kimeshindwa, we unaniambia kaboksi ka viatu.

— Hiyo bado, alisema Duwane.

Huyu ni Cirimwami, wa Uvira. Anavusha vitenge pale mpakani Gatumba mara mbili kwa wiki, na kila akivusha analeta na habari, ndiyo maana wakampa jina la watu wa ushuru.

— Kule kwetu kuna mutu alikuwa na kamashini ka nane hivyo hivyo. Akafika ya tisa. Akaiingiza kwa nguvu. Kesho yake anafungua, anakuta ya kwanza imetoka.

— Imetoka inaenda wapi?

— Hakuna mutu anajua. Na mwenye ile ya kwanza alikuwa ameshapata kazi Bukavu, mu biro, na meza yake. Wakamwita. Memware yako iko wapi? Haiko. Wakarudisha diplome.

— Diplome inarudishwaka?

— Sha, nakuambia wamerudisha. Sasa anauza mayai.

— Ya kuchemsha? aliuliza Rekta.

— Ya kuchemsha.

Rekta alitikisa kichwa kwa huzuni. Ilionekana mayai mabichi yangekuwa afadhali.

Juzi, nikipika maharage, nilikuwa nimemweleza Moubarak maana ya memware ya mashine. Alinisikiliza vizuri. Lakini kunisikiliza mimi jikoni na kumsikiliza Kabureta mbele ya watu ni vitu viwili. Na mimi sijapata kuongea na kile kiti. Ninatoa termosi, ninasema karibuni, basi. Nilirudi kupiga ukurasa wa arobaini na moja, nikawa ninahifadhi kila baada ya mistari miwili, maana mashine ilishaanza kuhema.

— Tuachane na memware, tuulize moteri, alisema Kabureta. Hiyo ya Valéry ukiiwasha inasikika aje?

— Haisikiki, alisema Moubarak.

— Namna gani, haisikiki?

— Niliweka sikio. Kimya.

— Mi sinunuaka moteri yenye haisikiki. Siku itakufa, utajulia wapi?

Moubarak alimmiminia kahawa nyingine.

— Na ilikuwa ya nani?

— Ya ofisi, Mzee. Wale watu wa semina.

— Wale wanatembeaka sana. Leo Gitega, kesho Ngozi. Iko na kilometa ngapi?

— Ordinateri haina kilometa.

— Basi wamezitoa, alisema Kabureta, akanywa.

Hapo mashine yangu ikazimika. Nilikaa nikitazama kioo cheusi, nikahesabu mpaka mia mbili, kwa sababu isipopoa haiwaki. Sumaya aliamka, nikampa titi. Kwenye kivuli cha ukuta wa ng'ambo niliona kwamba saa tano imepita zamani.

— Sasa ile ya sokoni, alisema Duwane. Yenyewe iko na ngapi?

— Muuzaji amesema mia tano.

— Memware mia tano?

— Amesema mia tano tu. Mi sikumuuliza mia tano ya nini.

Mia tano ni ukubwa wa disiki, yaani kabati la ndani la kuwekea vitu. Mtu anaweza kuwa na kabati kubwa na bado akatembea kwa fimbo. Nilikuwa ninayasema hayo moyoni, Sumaya akiendelea kunyonya.

Rekta aliomba kijiti, akaanza kupiga hesabu kwenye vumbi.

— Kumi na moja kwa mwaka. Mia tano. Hiyo ni miaka makumi ine na tano, na nafasi inabaki. Sumaya ataolewa, mashini bado haijajaa.

— Atairithi, alisema Duwane.

— Atairithi. Na hii ya nane haifiki hata Idi.

— Na mwili wake ni mukubwa, alisema Kabureta. Hewa inapita. Moteri inakaa vizuri, na fundi anaingiza mukono muzima. Muba, hapa hakuna maneno tena.

Nilisikia Moubarak akisimama. Kiti cha Hiace hulia mtu akisimama. Akatafuta viatu vyake.

— Basi niende sokoni, alisema.

Ningeweza kugonga dirisha. Nilikuwa na mtoto kwenye titi na mkono mmoja mtupu, na mkono huo haukuinuka. Nilifikiria zile kurasa ishirini na tatu zilizobaki, na mashine nyingine itakayozimika kila nusu saa, na hela isiyorudi mara mbili. Nilifikiria wanafunzi watakaokwenda kupigiwa kwingine, na hawatarudi.

Elsa ndiye aliyeingia kwenye avenyu wakati huo, amebeba karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuja kuuliza nimefika wapi.

— Amahoro, ba mzee, alisema. Mama Sumaya yuko?

— Yuko ndani, anakuandikia, alisema Rekta. Na we una bahati. Tulikuwa karibu kukununulia mashini ya memware nane. Ungekuwa wa kumi na mbili, ungebaki inje.

— Inje ya nini?

Wakamweleza. Walimweleza wote kwa pamoja: ya tisa isiyo na mahali, korido ya chuo, yule wa mayai. Elsa alisikiliza mpaka mwisho, maana amelelewa vizuri. Alinitazama dirishani. Halafu akauliza, bila kucheka:

— Na ile ya zamani, yenye iko ndani, iko na memware ngapi?

Kabureta alimtazama Rekta. Rekta alimtazama Duwane. Duwane alitazama ndani ya kikombe. Wote wakamgeukia Moubarak, ambaye amelala chumba kimoja na mashine ile kwa miaka sita.

— Sijapata kuuliza, alisema Moubarak.

— Miaka yote sita? aliuliza Kabureta.

— Yote, Mzee.

Rekta alifuta hesabu yake kwa kidole cha mguu.

— Mbili, nilisema.

Sauti ilitoka ndogo, nikadhani hawakusikia. Lakini vichwa vinne viligeuka kwenye dirisha.

— Mama Sumaya, alisema Kabureta kwa heshima. Umesema?

— Ina memware mbili, Mzee. Siku Valéry alipokuja kuitazama aliisoma kwenye kioo, na mimi niliona.

— Mbili. Na umeshaandika ngapi humo, tangu mwanzo?

— Hamsini na saba. Zote zimo. Hakuna iliyotoka.

Kabureta aliweka kikombe chini. Nimewahi kumwona hivyo mara moja tu, siku gari lililokataa wiki nzima liliwaka lenyewe.

— Mbili imebeba makumi tano na saba, alisema.

— Na ni muzee, alisema Rekta.

— Ndiyo maana inahema. Hata we ungehema.

— Sasa nane, alisema Duwane. Nane ni mbili mara ine.

Kijiti kikarudi kwenye vumbi. Walisubiri.

— Mia mbili makumi mbili na nane, alisema Rekta. Mu kaboksi kale.

— Kumbe, alisema Moubarak.

— Na ile mia tano ya sokoni? aliuliza Duwane.

— Mutu anakuambia mia tano, hasemi ya nini, alisema Kabureta. Huyo ni wa kuogopa. Mi tangu mwanzo sikumupenda. Muba, we bado umesimama? Valéry anafunga saa ngapi?

— Adhuhuri.

— Sasa?

Moubarak alikuwa ameshashika njia ya Jabe, kiatu kimoja kikiwa hakijafungwa kamba.

Elsa alisogea karibu na kiti, akaweka mfuko wake chini, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kueleza jambo toka mwanzo.

— Ba mzee, alianza, iko hivi.

Nilimtikisia kichwa kutoka dirishani. Akasimama hapohapo, mdomo wazi kidogo, na sote wawili tukamtazama Moubarak akienda, mpaka alipopinda kona.