Gari la Mmiliki wa Kwanza

Benchi letu limeegemea ukuta wa geti la mashariki la nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha beringi, hapa Hefei, kiwanda ambacho siku hizi hakipo. Ng'ambo ya barabara kuna kituo cha kubadilishia betri: gari la umeme linaingia kinyumenyume, mashine inalinyanyua kidogo, inatoa betri iliyoisha chini ya tumbo lake na kuweka iliyojaa, na dereva hata hashuki. Asubuhi za baridi jua linaanzia benchini petu, kwa hiyo tunawahi, kila mtu na gilasi yake ya chai yenye kifuniko, na Bibi Ou Guizhen na chupa kubwa ya maji ya moto ya kutuongezea. Yeye tunamwita Redio. Cheng Mingyao, aliyekuwa fundi umeme wa kiwanda, ni Volti. Tao Shaoqing alikuwa katibu wa tawi la chama, na ingawa alistaafu zamani, bado ni Katibu. Mimi ni Lu Wenbin. Sina jina la utani, labda kwa kuwa siongei sana. Nafasi ya tano ni ya Pan Dekuan. Asubuhi ile ilikuwa wazi, na mbele yetu alisimama binti yake, Pan Lirong, ufunguo wa gari mkononi.

– Wajomba, Shangazi, sina pengine pa kwenda, alisema. Baba hamsikilizi mtu ila nyinyi.

– Kaa basi, mwanangu, alisema Redio.

– Sikai, Shangazi. Nikikaa nitalia.

Kwa desturi ya familia zote ninazozijua, neno la daktari alikuwa amepewa mtoto, si mgonjwa. Pan Dekuan alijua ana vidonda vya tumbo. Lirong alijua ni saratani, na kupitia kwake nasi tulijua.

– Daktari anasemaje sasa? aliuliza Katibu.

– Anasema hakuna haja ya kumlaza tena. Ale anachokipenda.

Kisha akatueleza habari ya gari. Lile gari jeupe Pan alilinunua jipya, wakati kampuni ilikuwa bado changa na inabembeleza wateja, na kila mmiliki wa kwanza aliahidiwa kubadilishiwa betri bure maisha yake yote. Lirong aliachwa na mume akiwa na mtoto mdogo, na tangu hapo analitumia gari hilo kubeba abiria. Jana alikwenda ofisini kwao kuuliza. Mzazi anaweza kumpa mtoto wake gari kama zawadi, na betri za bure zikaenda nalo. Lakini mzazi aje mwenyewe, aonyeshe uso kwenye kamera, aseme kwa kinywa chake kwamba ametoa kwa hiari.

– Na asipowahi? aliuliza Volti.

– Nitarithi bati na magurudumu, Mjomba. Betri nitalipia kama mtu yeyote. Na nikilipia betri, kazi yenyewe haipo. Nitakuwa nazunguka mji mzima kuwatajirisha wao.

– Si umwambie tu akupe?

– Nimemwambia. Kaniuliza kwa nini. "Gari unaendesha wewe, jina ni langu, betri bure, nani kalalamika?" Nilitaka kumjibu, nikakosa la kusema. Mngesema nini nyinyi?

Akavuka barabara kwenda kwenye foleni ya kituo, gari lilikuwa limebakiza umeme kidogo.

– Rahisi, alisema Volti, Lirong alipofika mbali. Tumwambie serikali imekataza. Aliyevuka sabini hamiliki gari.

– Mimi nimevuka sabini na pikipiki ya umeme ninayo, alisema Katibu.

– Gari, nimesema. Pikipiki yako ni kiti chenye kelele.

– Atataka kwenda kuulizia. Umemsahau Pan Dekuan? Mkaguzi wa ubora yule. Beringi ilikuwa haitoki mlangoni mpaka aizungushe mwenyewe karibu na sikio. Umletee sheria ya mdomoni? Wee!

– Basi posa, alisema Redio. Tuseme Lirong kapata mchumba, tena mtu wa mji wa Wuhu. Mama mkwe anataka kuona gari lina jina la bibi harusi.

– Atataka kumwona mchumba.

– Tutamleta! Nina mpwa wangu, mkewe kafariki, mtu mpole, meno yake yote anayo.

– Meno yake yote! Redio, unaozesha mtu kwa ajili ya betri?

– Watu wameoana kwa vidogo kuliko hivyo. Wewe ulioa kwa ajili ya chumba chenye bomba la maji.

Volti hakubisha. Katibu alinyoosha mgongo kama alivyokuwa akifanya mikutanoni.

– Mnakosea mbinu, alisema. Mtu mmoja akiguswa, anashtuka. Wakiguswa wote, hashtuki. Tuanzishe kampeni. Benchi lote linawagawia watoto mali wakati lingali hai. Mimi naanza. Natoa baiskeli.

– Baiskeli yako iliibiwa mwaka juzi.

– Natoa haki ya kuidai.

– Haya, na mimi natoa nini? Paka? aliuliza Redio.

– Paka si wako, alisema Volti. Sikilizeni. Kamera inataka uso, si ndiyo? Katibu, wewe na Pan nyote mna nyuso za mviringo kama mkate wa mvuke. Vaa kofia yake, vaa na lile koti lake la buluu, nenda na Lirong. Useme, "Nimetoa kwa hiari." Kwisha habari.

– Huo ni uhalifu, alisema Katibu. Alijishika mashavu yote mawili. Kofia ipi? Ile ya masikio?

– Pan wa sasa hafanani hata na Pan, alisema Redio.

Aliisema bila kufikiri, nadhani, na kicheko kikafia hapo. Ng'ambo foleni ilisogea gari moja. Redio akafungua chupa yake, akaifunga tena bila kumimina.

– Ipo moja ambayo ataikubali, alisema kwa sauti ya chini. Tumwambie gari ndilo linalomuumiza tumbo. Lilinunuliwa mwaka mbaya, rangi mbaya. Kuna yule bwana wa soko la maua anayepima bahati ya nyumba na makaburi, tutasema kasema yeye. Ampe mtoto wake, na tumbo litapona.

– Hiyo ataikubali, alisema Volti.

– Ndicho ninachosema.

– Ataikubali, Redio. Ndipo atarudi nyumbani, akae kusubiri kupona.

– Kwani sasa anasubiri nini? Na jana ni nani aliyemwambia amenenepa?

Katibu aliinamia gilasi yake.

Wakati huo Pan Dekuan alitokea getini. Koti lake la buluu lilikuwa limekuwa koti la mtu mwingine, mabega yake yalipotea ndani. Alitembea akishika ukuta, akaketi mwisho wa benchi, akaweka gilasi yake kwenye goti.

– Mmenyamaza, alisema. Mlikuwa mnanisengenya.

– Nani ana muda na wewe? alisema Redio. Tulikuwa tunaongea bei ya kabichi.

– Kwa kabichi Katibu asingekuwa na uso huo.

Redio alimmiminia maji ya moto. Ndipo akaanza, nasi hatukumzuia.

– Mzee Pan, juzi nilikutana na yule bwana wa soko la maua.

– Yule uliyemfukuza kwa ufagio?

– Nilikuwa na hasira siku ile. Kaniuliza habari zako. Kasema gari jeupe halimfai mtu mwenye tumbo kama lako. Kasema umpe mtoto, liwe na jina lake, na tumbo litatulia.

Pan alicheka, akajishika ubavu.

– Redio wa leo anamwamini mpima makaburi. Volti, na wewe?

– Mimi ni mtu wa nyaya, hayo siyajui. Lakini kumpa mtoto si vibaya.

– Katibu?

– Naunga mkono.

– Mzee Lu?

Nilisema ni gari zuri. Ndilo pekee nililoweza kulisema ambalo lilikuwa kweli.

Pan aliitikia kwa kichwa polepole, akanywa chai, akaishikilia mdomoni kabla ya kumeza. Kule kituoni zamu ya Lirong ilikuwa imefika. Gari jeupe liliingia kinyumenyume, likanyanyuliwa, na sote watano tukalitazama kana kwamba hatujapata kuona jambo hilo.

– Anaingia kwa mara moja, alisema Pan. Nilimfundisha mimi. Mumewe alikuwa anaingia kwa mara tatu. Haya, tuseme nimempa. Betri zinaendelea kuwa bure?

– Zinaendelea, alisema Volti. Ila lazima uende mwenyewe. Kwa mtoto wa kuzaa inakubaliwa.

– Umelijua vizuri jambo hili, mtu usiye na gari.

Volti alikuna shingo.

– Ni haki, alisema Pan. Yeye ndiye anayekesha nalo. Nimpe.

Redio alipumua. Katibu alinyoosha mkono kama anayetaka kumpigapiga begani, kisha akaurudisha.

– Ila niambieni kitu kimoja, alisema Pan. Mimi nikipona, nitaendesha nini?

Aliuliza kwa utulivu, bila hila ambayo mimi niliweza kuiona. Jibu lolote lingetosha. Kila siku tulikuwa tukimwambia uongo mkubwa kuliko huo: kwamba ana rangi nzuri, kwamba wakati wa joto tutakwenda wote ziwani kula kamba. Redio alifumbua mdomo, akachukua chupa, akaanza kumimina maji kwenye gilasi ambayo tayari ilikuwa imejaa, yakamwagika chini. Katibu, ambaye sijawahi kumwona akikosa hotuba, alitazama viatu vyake. Volti alitazama kituo. Mimi nilikuwa karibu na Pan kuliko wote, na nilikuwa na muda wa kutosha kusema neno.

Pan Dekuan alisubiri. Alimtazama Redio, akamtazama Katibu, akamtazama Volti, akanitazama mimi. Ng'ambo mashine ililishusha gari, na Lirong akatoka nalo taratibu, akasimama ukingoni mwa barabara bila kushuka.

Pan alifunga kifuniko cha gilasi yake, akakikaza mpaka mwisho.

– Ofisi yao, aliuliza, inafunguliwa saa ngapi?

– Saa tatu, Volti akajibu mara moja.