Mwalimu Aloys Kwizera na Chumvi Ipitishayo Umeme

Sisi kumi tulioruhusiwa kusimama hapa kaburini, nanyi mlio kwenye Zoom, naombeni mzime maikrofoni. Mimi ni Verdiane, dada mkubwa wa marehemu.

Marehemu Mwalimu Aloys Kwizera alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Rutana, Burundi, mtoto wa pili wa mzee Callixte. Alisoma Rutana, kisha akasomea ualimu wa kemia Bujumbura. Vita vikamkimbiza hadi Tanzania, na kuanzia mwaka 1997 alifundisha katika kambi ya Mtabila, Kasulu. Maabara hakuwa nayo. Alikuwa na betri za tochi, nyaya, balbu na kikombe. Chumvi kavu, balbu kimya. Maji ya sukari, kimya. Akikoroga chumvi nyingi kwenye maji, balbu inawaka, darasa linapiga kelele, na mwalimu mwenyewe anashangaa kuliko wanafunzi. Kila mwaka alishangaa upya.

Mwaka 2001 alifunga ndoa na Faida, Mkongomani wa Uvira. Mungu akawajalia Gad na Ineza. Walifika Sydney Juni 2007, wakakaa Campbelltown.

Hapa vyeti vyake havikutambuliwa. Akapata kazi ya kufagia katika kiwanda kimoja Smithfield, wanakoimarisha vyuma kwa joto. Siku ya tatu alinipigia simu mchana, nikiwa kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hapa hapa Sydney. Sauti inatetemeka. Nikajua kuna msiba.

"Dada, nimeiona! Chumvi imeyeyuka bila tone la maji, inang'aa kama kaa la moto, na umeme unapita humo humo!"

"We Aloys, ndiyo umenitoa kwa wazee wangu?"

Kumbe alikuwa analia. Miaka kumi aliwafundisha watoto wa watu jambo hilo kwa kuamini kitabu tu. Wenzake walikuwa wakilalamika kwamba tangi la chumvi hiyo, linalopashwa joto kwa umeme, likipoa na chumvi ikiganda, umeme unagoma kupita mpaka kwanza iyeyushwe kidogo kwa moto. Yeye, na ufagio wake mkononi, akawaeleza sababu.

Mwaka huu, 2021, Ineza yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Shule ilipofungwa kwa ajili ya korona alikata tamaa, akataka kwenda kufanya kazi kwenye ghala la bidhaa. Baba yake akamketisha mezani jikoni, glasi ya maji, chumvi, betri na balbu mbele yao.

"Chumvi ni chembe zenye chaji, chanya na hasi, zimeshikana. Zikiwa kavu, kila moja iko lockdown, haiwezi kutoka kubeba umeme. Zipe maji, au ziyeyushe kwa moto, zinatembea nao."

Akakoroga chumvi kwenye glasi, balbu ikawaka. Ineza akacheka: "Baba, that's actually cool."

"Mimi nimeishia kwenye ufagio," akamwambia. "Wewe maliza."

Korona ilimpata tarehe 11 Agosti, akalazwa hospitali ya Campbelltown. Mshahara ukakatika. Ineza akaacha shule kimyakimya, akaingia ghalani. Aliniambia mimi peke yangu. Kila siku Aloys alipiga simu ya video, anahema, anauliza, "Leo mmesoma nini?" Mtoto anafunika koti la kazi kwa sweta, anajibu, "Chemistry, Baba." Naye, na hewa ile ya kukopa kwenye mashine, anaanza kumuuliza maswali! Nilijua yote, nikanyamaza. Inaniuma, siwafichi. Alifariki Ijumaa, tarehe 27 Agosti, akiamini binti yake yuko darasani.

Marehemu ameacha mjane, Faida, mwana, Gad, dada, ndiye mimi, na binti, Ineza. Kwenye karatasi hii nilikuwa nimemwandika mfanyakazi wa ghala. Juzi Ineza alipiga simu shuleni, akaongea na mwalimu wake muda mrefu. Alipomaliza alininyang'anya kalamu, akakata maneno yangu, akaandika kwa Kiswahili, yeye ambaye hutujibu kwa Kiingereza siku zote: mwanafunzi wa kemia, mtihani Novemba.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Sasa ni kweli, anasoma.