Bi Visigino na Pikipiki Yake ya Kwanza

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa sita kamili mchana, msimamizi wetu wa mauzo atakabidhi funguo za kabati, kalamu yake ya risasi na kile kitabu chenye jalada gumu, na hapo atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja katika kampuni hii ya kuuza na kutengeneza pikipiki. Kwenye faili lake la utumishi ana jina refu na zuri. Sisi tunamwita Bi Visigino. Hata barua rasmi ya meneja ya kumuaga ilianza hivyo kwa bahati mbaya, ikabidi ichapwe upya.

Nimeombwa niandike mimi, fundi mkuu wa karakana, kwa kuwa ndimi niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Mkono wangu umezoea spana, kalamu siijui sana, mtanivumilia. Tena humu ndani kuna kosa langu moja ambalo wenzangu wamelicheka hadi wamechoka, kwa hiyo na wewe msomaji ukicheka, usizidishe.

Jina la Visigino lilitokana na swali lake. Mteja anayeanza kuendesha akiingia hapa, wauzaji wengine huuliza rangi. Yeye humkalisha kwenye kiti cha pikipiki, akainama kidogo (mwenyewe husema hana haja ya kuinama sana, kwani aliumbwa siku udongo ulipopungua), akatazama soli za viatu na kuuliza kama visigino vinafika chini. Vikifika vyote viwili, mazungumzo yanaendelea. Kikifika kimoja, kuna la kujadili. Kama ni vidole tu vinavyogusa, mtu amekaa kama anayechungulia dirisha la jirani, basi huambiwa kwa upole ateremke waende kwenye nyingine. Wapo waliokuja na picha ya pikipiki ndefu kwenye simu, wameshaapa kwamba ni hiyo au basi. Aliwaomba waitie simu mfukoni kwanza.

Kitabu nacho kina kazi yake. Mteja mfupi husimama ameegemea ukuta ulio nyuma ya kaunta ya vipuri, amevaa viatu atakavyoendeshea, si vya harusini. Kitabu hupandishwa katikati ya miguu mpaka kigote, kisha Bi Visigino huchora mstari ukutani na kuandika jina na tarehe. Huo ndio urefu wa mguu, na ndio anaoutumia kuchagua. Mwaka walipokuja wapaka rangi, alisimama mbele ya ile mistari ametandaza mikono, wakapiga rangi pembeni yake. Ndiyo maana ukuta wetu mweupe una kiraka cha rangi ya zamani chenye ukubwa wa mlango.

Sisi mafundi alitufundisha tusiiamini sana namba ya urefu wa kiti iliyoandikwa kwenye karatasi. Kiti kipana, alisema, kinakula mguu. Chukua pikipiki mbili zenye urefu uleule: yenye kiti chembamba itakufikisha chini, yenye kiti kipana itakuacha unaning'inia. Alitufundisha pia kwamba mtu mfupi hahitaji kupewa kidude cha kuchezea. Anahitaji pikipiki ambayo uzito wake umekaa chini, karibu na magoti yake, ili ikilala kidogo aweze kuirudisha. Hakuwahi kumpaka mteja mafuta kwa mgongo wa chupa, na kama hatukuwa na pikipiki inayomfaa, alimwambia hivyo hivyo, meneja akibaki ameshika kichwa.

Kuna mkunga mmoja ambaye hatutamsahau. Alikuwa amehamishiwa zahanati ya milimani, hajawahi kuendesha chochote chenye injini, na alikuja na mumewe. Alipokaa kwenye pikipiki ya kwanza miguu ikaelea hewani, na mume akacheka kwa sauti. Bi Visigino alimshika yule bwana mkono kwa adabu zote za shemeji, akamtoa nje na kumwonyesha pa kukaa, juu ya rundo la matairi. Asubuhi nzima mkunga alipandishwa na kuteremshwa pikipiki saba. Ya nane ikamkubali. Hakuondoka kabla ya kufundishwa kuinyanyua kutoka chini kwa kuigeuzia mgongo, nguvu zikitoka kwenye mapaja, si kiunoni. Alirudi baada ya miaka mitatu kubadilisha mnyororo, akatusimulia habari za watoto aliowapokea huko juu, na wawili kati yao walikuwa na jina halisi la Bi Visigino.

Sheria ya kutomcheka mtu aliye juu ya kiti aliianzisha yeye, na sababu yake tunaijua wachache. Katika wiki yake ya pili kazini, akiwa na miaka ishirini na tisa, mvua ilitishia kunyesha na bosi wa enzi hizo akamwagiza aingize ndani pikipiki moja ndefu iliyokuwa uani. Alikuwa amejifunza siku chache tu. Pale kwenye mteremko wa mlangoni alishika breki, akashusha mguu wa kushoto, na upande huo ardhi iko chini zaidi kwa shibiri nzima. Mguu ukatafuta pa kukanyaga, haukupata. Akaanguka, pikipiki ikamlalia muundi, mbele ya wateja sita waliovunjika mbavu kwa kucheka. Muundi ulipona baada ya mwezi. Kicheko kile hakikupona.

Tangu siku hiyo hakuwasha tena injini. Kila pikipiki mpya ikifika huikalia, imezimwa, ashushe miguu, atulie kidogo, kisha ateremke na kuandika anachoandika kwenye daftari lake. Amekalia pikipiki zaidi ya elfu moja na hajaendesha hata mita moja. Tulijua, na tulinyamaza.

Kuja na kurudi alibebwa na mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, na saa moja na nusu asubuhi tuliijua injini yake kabla haijakata kona. Mwaka jana daktari alimwambia mwalimu kwamba macho yake hayaruhusu tena kushika usukani. Pikipiki akampa mpwa wake aliye mbali. Kuanzia hapo Bi Visigino alikuja kwa miguu, viatu vina vumbi, mzee akimsindikiza hadi kona ya barabara kuu na kurudi peke yake akipapasa njia. Kila mwezi mwalimu hutakiwa kliniki ya macho ng'ambo ya kilima, na mara mbili wameikosa kwa kukosa wa kuwapeleka. Siku moja wakati wa chai Bi Visigino alimwambia keshia, macho kwenye kikombe, kwamba angependa kupita kiasi ambebe mzee wake mwenyewe, lakini wakati umeshampita, na hayo mambo yaachwe. Keshia hakuyaacha. Jioni karakana nzima ilikuwa inajua.

Meneja alikuwa ameshafikiria saa ya ukutani. Tukamwomba aifikirie upya, na tumpe haki yake, alikubali kabla hatujamaliza kusema. Zawadi ya kustaafu itakuwa pikipiki. Hapo ndipo tulipokwama, maana katika kampuni hii anayejua kumchagulia mtu mfupi pikipiki ya kwanza ni mmoja, naye ndiye hatakiwi kujua. Kamati ikawa na watu watatu warefu: meneja, keshia na mimi. Wiki nzima tulibishana kule stoo. Meneja alitaka injini kubwa ili mama wa watu asiaibike kilimani. Keshia alitaka ya bluu. Mimi nilitaka kipimo cha mguu wake, na nani angethubutu kumwendea Bi Visigino na kitabu?

Keshia ndiye aliyekiona. Chini kabisa ya kiraka kile cha ukutani, chini ya mistari yote, kuna mstari mmoja usio na jina, una tarehe tu. Tukaangalia kwenye faili la ajali. Ilikuwa Jumatatu aliyorudi kazini baada ya kuanguka. Alirudi akichechemea, akajipima yeye kwanza, halafu ndipo akaanza kuwapima wengine wote. Niliwaambia wenzangu nakwenda kutafuta spana, nikakaa huko kwa muda.

Tukachagua nyepesi, injini ndogo, kiti chembamba, uzito chini. Bluu, keshia alishinda. Hata hivyo kwa mstari ule ilizidi vidole viwili, kwa hiyo nikaishusha. Nyuma nikafunga shokapu fupi, mbele nikashusha kwa kiasi kilekile ili isipige pua wala kukaa kitako, kiti nikakichonga sponji kidogo. Nilijiona bingwa. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshajua nilichosahau. Ukishusha pikipiki, lazima ukate na stendi ya pembeni, la sivyo stendi inakuwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima badala ya kuegemea, na upepo tu unaiangusha. Bi Visigino ametukumbusha hilo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Ameliandika kwa mkono wake juu ya mlango wa karakana, neno moja tu, STENDI. Napita chini yake kila asubuhi!

Jumamosi tuliiweka katikati ya ukumbi wa mauzo, imefunikwa shuka, ina utepe. Jumatatu saa tatu ndipo ingefunuliwa. Lakini yeye hufika wa kwanza siku zote, na siku hiyo mimi na keshia tulimfuata nyuma kama hatua kumi. Alifungua mlango mkubwa, upepo ukaingia, na tukaiona ile shuka inainama taratibu upande wa kulia, taratibu, mpaka chini. Kishindo chake bado ninacho masikioni.

Bi Visigino alisimama na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye muundi. Nilitamani ardhi inimeze. Miaka thelathini na moja tumekaa na huyu mama, na zawadi tuliyompa ni kumwonyesha tena kitu kilekile.

Akaweka mkoba chini. Akavuta shuka. Akatazama kiti, akaitazama stendi, kisha akageuka akanitazama mimi. Halafu akaigeuzia pikipiki mgongo, akapiga magoti nusu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine chini ya kiti, akarudi kinyumenyume hatua moja moja hadi ikasimama, mwanamke wa miaka sitini na kimo chake kile. Akaishikilia kwa nyonga na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, ni fundi gani huyo asiyejua kusoma mlango wake mwenyewe. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye kile kiti.

Visigino vyote viwili vilikuwa chini. Aliviangalia, kicheko kikakatika. Akauliza tumepata wapi kipimo chake, na keshia akaonyesha ukutani. Alilia, nasi tukalia, na meneja aliyefika wakati huo alilia pia ingawa mpaka leo anasingizia vumbi.

Stendi niliikata siku hiyohiyo. Wiki zilizofuata, kila saa kumi jioni, tulikuwa uani. Alianza kwa kuisukuma imezimwa, akafuata kuizoea klachi, na siku ya kwanza injini ilimzimikia mara kumi na moja. Hakuna aliyecheka. Wiki ya pili aliomba mwenyewe kwenda kwenye ule mteremko wa mlangoni. Alishika breki palepale, akashusha mguu wa kushoto, na mguu ukakanyaga. Alikaa pale muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuihofia injini. Wiki iliyopita amefaulu mtihani wa leseni, na mtahini alimuuliza amefundishwa na nani kusimama vizuri hivyo.

Mwalimu alisikia habari akaja na helmeti yake mkononi, tayari kubebwa. Bi Visigino akamkumbusha sheria anayompa kila anayeanza: miezi mitatu ya kwanza, hakuna abiria. Mzee alijaribu kujitetea kwa ndoa ya miaka thelathini na nane. Haikusaidia. Helmeti imewekwa kwenye rafu karibu na mlango wao, kalenda imetundikwa juu yake, na mwalimu wa hesabu anafuta siku moja moja. Kliniki ya mwezi huu na ya mwezi ujao atapelekwa na gari la meneja. Ya mwezi utakaofuata pia. Baada ya hapo hatutahitajika.

Kitabu na kalamu ya risasi vinabaki kwa keshia, anayehamia kwenye mauzo. Ukuta hautapakwa rangi, meneja ametia saini. Ijumaa saa sita tafadhali geti liwe wazi na pikipiki zote zisogezwe kushoto. Bi Visigino atatoka kwa gia ya kwanza, polepole, kwa sababu mwalimu ameomba kurudi naye nyumbani, na kwa kuwa habebwi, atatembea pembeni yake.

Bi Visigino, asante kwa wote uliowafikisha chini salama, na sisi tukiwemo. Pumzika, zunguka, mpeleke mzee wako unakotaka miezi mitatu ikiisha. Tunakuombea kila utakaposimama, mguu uikute ardhi. Na stendi usiwe na wasiwasi nayo, nimeipima mara tatu.