Tela Litakalonipeleka Mwese

Sikilizeni, wanangu, na wewe mama Amosi sogeza kiti, maana haya nitakayosema sikusimuliwa na mtu; niliyaona yote kwa macho yangu haya, nikiwa pale pale, na asiyeamini asubiri nife kwanza ndipo abishe. Scola, kama hiyo simu inarekodi, iweke juu ya mto, lakini usinikatize.

Mnajua nataka kulazwa Mwese, kando ya mama yangu. Na jinsi mtakavyokwenda nimekwisha kuiona: jeneza katikati, kinamama wa jumuiya wamelizunguka, kwaya imebanana nyuma, wote ndani ya tela letu, na Amosi kwenye usukani wa trekta analia hata barabara haioni. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Kufa siogopi, hata wavivu wanaweza. Naogopa ule mlima wa kupandia Mwese. Tangu nilinunue tela lile, mimi Venansi niliyeishia darasa la nne, nimebeba mpunga wa Kibaoni, matofali, maharusi, na dume moja la ng'ombe wa Kisukuma lenye hasira, na halijamwangusha mtu. Wenye malori waliniita daktari wa matairi, wakicheka; nikawajibu kwamba daktari huyu hajazika mgonjwa. Sasa msije mkaniharibia sifa nikiwa maiti.

Basi, mama yenu abaki na nyumba hii na shamba la Misunkumilo, asisogezwe na mtu. Trekta ni la Amosi. Tela ni la Scola. Msitazamane. Nimefanya makusudi, kwa sababu mwenye kuvuta hutazama mbele tu, akidhani kinachomfuata kitamfuata kwa adabu. Amosi, kwa udereva hakuna akushindaye ila mimi. Lakini nyie madereva tairi jipya mnalifunga kwenye trekta, kuukuu mnalitupia tela, eti halina injini. Watu wamekaa wapi, mwanangu? Siku hiyo dada yako akisema tela halitoki, halitoki, hata kama padri amekwisha kuvaa.

Maana tairi haliuawi na safari peke yake, linauawa na kukaa. Nitazameni mimi: nchi hii nimeizunguka nikiwa mzima, nimekuja kulala kitandani msimu mmoja, nimepasuka kila mahali. Mwaka ule baba yenu mdogo Zakayo alipoliazima tela, lilikuwa limesimama juani tangu mavuno. Akainama, akaona kashata za tairi, zile zinazokamata barabara, zote zipo, akasema, "Kaka, hili bado kijana, lina meno yote." Nikamwambia meno si afya, atazame ubavuni, kuna nyufa kama kisigino cha mkulima. Akasema mimi nina maneno kuliko redio. Nikapanda naye, nisikose kuwapo nitakapothibitika. Katikati ya mlima ubavu ukalia kama bunduki, tela likayumba, pini inayolishika kwenye trekta ikachomoka, likaanza kurudi korongoni na magunia yake na kinamama wawili juu. Nikaruka, nikaweka bega hili, likasimama. Mwese nzima inaijua habari hiyo, na wewe Amosi uliwatambia wenzako shule nzima.

Kwa hiyo upepo pimeni alfajiri, tairi likiwa bado la baridi, kwani likishapigwa na jua litawadanganya kuwa limeshiba. Kulia na kushoto uwe sawa. Scola, pitisha kiganja ubavuni polepole, kama unamtafutia mtoto jipu. Ukikuta ufa, au uvimbe, azimeni tairi jingine, nami nitangoja. Maiti hana haraka, haraka ni ya wapishi. Nikianza kunuka fungueni madirisha. Nati mkaze hapa nyumbani, na mkienda kidogo msimame mkaze tena, kwaya ikiimba iimbe. Shikeni na vitovu vya magurudumu. Kikiwaunguza kimoja, kimekosa grisi, msiendelee... Nipeni maji.

Zakayo mwiteni. Tangu siku ile hatusalimiani. Apande telani, akae karibu na kichwa changu.

Mungu awape barabara iliyonyooka. Pasiponyooka, awape subira. Mpendane kama trekta na tela, kila mmoja... basi, mmeelewa. Mama Amosi, umenivumilia. Asante.

Amosi. Sogea, sauti imekwisha. Lile bega... Palikuwa na kichuguu. Tela lilikigonga likasimama lenyewe, mimi nikafika baadaye nikaliegemea. Zakayo aliona, akacheka mbele za watu, ndiyo nikamnunia. Nakwambia kwa sababu nakujua: likirudi nyuma siku hiyo, utaruka uweke bega lako, kwa kuwa baba yako aliweka. Usiweke, mwanangu. Tupieni mawe nyuma ya magurudumu, ukae mbali.

Mengine yote niliyaona. Ni bega tu... nililitunga.